Waliopita Bila Kusalimia

Kuna watu wana ugomvi na majirani, wengine na shemeji zao, wengine na serikali. Bibi Avelina alikuwa na ugomvi na mtu yeyote asiyesalimia, na kwa kuwa sasa alikuwa Dar es Salaam, maadui zake walikuwa wamefika mamilioni.

Kwao Ufipa, kijijini, mwendo wa saa nzima kwa bodaboda kutoka Sumbawanga mjini, salamu ni kazi yenye hatua zake. Unachuchumaa. Unapiga makofi ya taratibu, viganja vimekunjwa kidogo ili sauti iwe nzito. Kisha unaulizia: nyumbani, watoto, shamba, mama mzazi, mpaka goti lililokuwa likiuma mwezi uliopita. Njia ya mkato hakuna. Hata Ndalahwa, Msukuma aliyehamia kule na ng'ombe wake mia na ushee, mwaka wa pili tu alikuwa anachuchumaa vizuri kuliko baadhi ya wenyeji. Dar walikuwa na neno moja, "Mambo," na kabla hujajibu mtu ameshakata kona.

"Mjini watu wana haraka, Bibi," Lydia, mjukuu wake, alimtetea kila mtu.

"Haraka ya kwenda wapi? Jana asubuhi nimemwona jirani yako anakimbia kwenda kule, na jioni nimemwona anakimbia kurudi hukuhuku. Angekaa tu."

Bibi alikuwa amekuja kutolewa mtoto wa jicho. Madaktari waliifanya kazi yao vizuri mno, kwa sababu sasa alikuwa anaona kila kitu, pamoja na vile ambavyo Lydia angependa visionekane, kama vumbi la juu ya kabati. Joto la Dar alilivumilia kwa kulisema vibaya. Alisema ni joto la Mtowisa, kule bondeni Rukwa, lisilokuwa na mchele wa Mtowisa. Zilikuwa zimebaki siku tatu apande basi la kurudi Sumbawanga, na alikuwa na ombi moja tu: aone mahali mjukuu wake anapofanya kazi.

Lydia alikuwa amelipiga chenga ombi hilo wiki mbili nzima. Alifanya kazi kwenye jumba la sanaa ya kisasa, jengo jeupe lenye paa la vioo, akiwaongoza wageni na kuwaeleza walichokuwa wanakiangalia. Aliipata kazi hiyo baada ya miaka miwili ya kuzungusha vyeti, na alikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu. Majaribio yalikuwa yanaisha Jumamosi hii. Siku hiyohiyo msanii mkubwa alikuwa anakuja kuzungumza na watu, na jioni Mama Anjela, mkurugenzi, angemwambia Lydia kama anabaki au anaondoka. Si siku ambayo mtu mwenye akili zake angemleta Bibi Avelina kazini.

Lakini Bibi alikuwa ameshavaa. Alikaa kitandani na kitenge chake kipya na sweta la Sumbawanga, katika joto lile, mkoba magotini.

"Kwenye mkoba kuna nini?" Lydia aliuliza.

"Maharage. Yale ya njano. Nimpe mkubwa wako."

"Bibi, wataona ni rushwa."

"Kilo mbili za maharage ni rushwa? Kwetu hiyo hata mboga ya wageni haitoshi."

Lydia alisalimu amri, ila alimpa masharti ndani ya bajaji. Asiguse kitu. Asicheke. Maharage yasitoke kwenye mkoba. Na mtu akimuuliza lolote, aseme hajui.

"Nikiulizwa jina langu?"

"Bibi!"

"Nakubali, mke mwenzangu, nakubali." Alimwita mke mwenza tangu akiwa mtoto, kwa sababu marehemu Babu Valerian alikuwa akimwita Lydia mke wake mdogo, na wake wawili hao walikuwa wamezoea kutaniana juu ya mume mmoja.

Mapokezini, kabla Lydia hajamzuia, Bibi alijiandika kwenye kitabu cha wageni: Bibi yake Lydia. Chumba cha kwanza kilikuwa na kandambili mia tatu zimening'inizwa darini kwa nyuzi. Bibi alizungukazunguka chini yake shingo ikiwa juu.

"Zote ni za mguu wa kushoto," alisema. "Za kulia ziko wapi?"

"Ndilo swali lenyewe, Bibi. Msanii anataka tujiulize."

"Mimi nimeshajiuliza. Sasa nataka jibu."

Chumba cha pili kilikuwa na turubai moja kubwa jeupe la kuchorea, halina mstari wala doa, na kijibao kilichosema linaitwa Ukimya. Bibi alifumba jicho la kushoto akaangalia. Akafumba la kulia akaangalia tena. Yote mawili yaliona sawasawa, na hapo alipata wasiwasi wa kweli, akamnong'oneza Lydia kwamba labda warudi hospitali. Lydia alimpeleka mgahawani upesi, akamwagizia chai, akamwomba akae hapo mpaka mchana kwa sababu chumba cha tatu kilikuwa na msongamano. Alilisema hilo akiangalia pembeni.

Bibi alikuwa amelea watoto saba na wajukuu wasiohesabika. Mtoto akiangalia pembeni alijua pa kwenda kutazama. Alimaliza chai kwa mafunda matatu, akaufuata mlango wa chumba cha tatu.

Mlangoni alikutana na jambo ambalo hakutegemea kuliona Dar es Salaam akiwa hai. Watu walikuwa wamepanga foleni, na kila aliyefika kizingitini alivua viatu, akachuchumaa, akapiga makofi matatu. Mama mmoja wa mjini, suruali imembana, alichuchumaa kwa shida akishikilia ukuta. Kijana wa hereni alichuchumaa. Bibi alijisikia vizuri mpaka machozi yakamlengalenga. Alijua sasa kwa nini Lydia anaipenda kazi hii. Naye alivua ndala, akachuchumaa kuliko wote, akapiga makofi yake mazito, akaingia.

Sakafu nzima ilikuwa imejaa matuta ya udongo. Si ya mstari, ni ya duara, yamepangwa kama vyungu vilivyofunikwa, kila moja linafika mapajani.

"Ntumba," alisema Bibi kwa sauti.

Kila Mfipa aliyeshika jembe anaijua ntumba. Mvua zikielekea kuisha unakata majani na mizizi yake, unayageuza, unayarundika, unayafunika kwa udongo. Juu unapanda maharage ili usikae bure. Majani yanaoza humo ndani kimyakimya, na mvua za mwaka unaofuata zikija unalibomoa tuta, unatawanya ule udongo mweusi, unamwaga ulezi. Bibi alikuwa ametengeneza ntumba tangu akiwa na miaka saba. Kuzikuta hapa, chini ya paa la vioo na watu wanazizunguka kwa soksi, kulimchanganya. Ukutani aliona picha kubwa kama mlango wa kanisa. Kwenye picha lilikuwapo shamba, na katikati ya shamba jiwe refu lenye mgongo kama wa ng'ombe aliyelala.

Jiwe hilo alilijua. Alikuwa ameanikia nguo juu yake kwa miaka hamsini.

Akasogea kwenye kibao, akasoma kwa jicho jipya. Waliopita Bila Kusalimia, kilisema, kazi ya msanii Urbano. Katika simulizi ya kale ya Wafipa, kilieleza, mgeni anayepita shambani bila kusalimia huzikwa palepale akiwa amesimama, na juu yake hujengwa tuta la duara, asiondoke tena mpaka aitikie salamu.

Bibi Avelina alisoma mara mbili. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alikumbuka sharti la pili, akaiweka ncha ya kitenge mdomoni na kuing'ata. Ng'ambo ya chumba Lydia, ndani ya sare yake nyeusi, alikuwa amewakusanya wageni kumi na wawili na kuwaambia kwa sauti ya msibani, "Hadithi hii mimi mwenyewe nilisimuliwa na bibi yangu." Akainua macho. Macho ya bibi na ya mjukuu yakakutana juu ya vichwa vya wageni.

Bibi alitoka mbio, kama mtu mwenye haja kubwa.

Lydia alimkuta kwenye benchi la nje ya mlango, amejishika mbavu. Daktari alikuwa amemkataza asilichoshe jicho, na hapa alikuwa anacheka mpaka machozi yanafika kidevuni.

"Bibi, uliahidi."

"Mke mwenzangu, hadithi hiyo ni yangu. Nimeitunga mimi."

Akamweleza. Ilikuwa Machi, miaka sita iliyopita. Alikuwa shambani peke yake anatengeneza ntumba. Gari jeupe likasimama barabarani, akashuka kijana wa kofia na kamera. Kijana akaingia shambani. Akapita kati ya ntumba akipiga picha. Akalipigia magoti tuta hili, akalipigia magoti lile, akamzunguka Bibi kama anavyozunguka kisiki. Dakika ishirini. Kisha, neno lake la kwanza likawa, "Mama, haya ni makaburi?"

"Nikamwambia ndiyo, baba, ni makaburi. Akauliza ya nani. Nikamwambia ya watu waliopita hapa bila kusalimia."

"Bibi!"

"Akabadilika rangi. Akaniuliza mnawazikaje. Nikasema tunawazika wima, wasipate usingizi. Akauliza wako wangapi. Nikasema sitini, ila nafasi bado ipo. Nikainua jembe, hivi, kidogo tu. Kofia aliiacha. Hadi leo naivaa nikienda kuchuma mboga."

Alisubiri Lydia acheke. Lydia hakucheka. Alikaa kwenye benchi na mikono kichwani. Kwenye usaili, alisema, Mama Anjela alimuuliza, kwa kuwa yeye ni Mfipa, kama anaijua simulizi hii. Alikuwa na miaka miwili hana kazi. Akajibu anaijua, alisimuliwa na bibi yake.

"Kumbe umenisingizia."

"Nimekusingizia kitu ambacho kweli umekifanya!"

Hilo nalo lilimvunja Bibi mbavu, lakini alipouona uso wa mjukuu wake alinyamaza. Mtoto alikuwa amekaa kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Ikijulikana leo kwamba simulizi ya kale ni utani wa bibi mwenye hasira, alisema Lydia, yeye atakuwa mwongo mbele ya mkurugenzi, na kesho ataanza tena kuzungusha vyeti. "Nakuomba, Bibi. Kaa kimya. Leo tu."

Bibi Avelina aliwaza. Mdomo ulikuwa unamwasha kweli, lakini huyu alikuwa mke mwenza wake.

"Basi tufanye hivi," alisema. "Huyo Urbano akifika atapita mlango huu, na mimi nitakuwa nimekaa hapa. Akinisalimia tu, shikamoo moja, nimemsamehe. Hadithi aichukue, aende nayo hata Ulaya."

Lydia alishusha pumzi. Shikamoo moja kwa kikongwe aliyekaa mlangoni! Nani angeshindwa?

Saa tisa kamili Urbano alifika. Alikuwa amenenepa kidogo na kofia ilikuwa nyingine, lakini mwendo ulikuwa uleule wa mtu anayetazama vitu na si watu. Simu ilikuwa sikioni. Bibi alinyoosha mgongo, akakusanya viganja tayari. Urbano alifika kwenye benchi, akaona miguu imemzuia njia, akaivuka kama mtu anayevuka mfereji, akaingia.

Bibi Avelina alibaki anaiangalia miguu yake.

"Labda hakuona," Lydia alinong'ona, roho mkononi.

"Aliiona. Angekuwa hakuiona angeikanyaga."

Ukumbi ulikuwa chumba kilekile cha tatu, viti vimezungushwa ukutani na ntumba katikati. Lydia alimkalisha Bibi kiti cha mwisho na kumwekea mkono gotini, kama mtu anayeshika kifuniko cha sufuria inayochemka. Mama Anjela, mwanamke mrefu wa miwani na sauti ya upole, alimkaribisha msanii. Urbano alishika kipaza sauti na kusimulia jinsi alivyoipata hadithi. Alisema alikutana na mzee wa kiume, mlinzi wa makaburi, aliyesimama kwenye ukungu na mkuki mkononi. Mzee huyo alimtazama kwa muda mrefu, akaona ana moyo safi, ndipo akakubali kumnong'oneza siri ya mababu.

Mkono wa Lydia ulizidi kulikandamiza goti la Bibi. Goti lilikuwa linataka kusimama.

Bwana mmoja mwenye mvi, aliyejitambulisha kuwa mwalimu wa chuo kikuu, alinyoosha mkono. Amesoma mengi kuhusu Ufipa, alisema, na hajawahi kuikuta simulizi hii popote. Je, kuna mwenyeji yeyote anayeweza kuithibitisha?

Urbano alikohoa. Mama Anjela hakuwa na wasiwasi. "Tunaye Lydia wetu," alisema. "Yeye ni Mfipa, na alisimuliwa na bibi yake. Tena leo nimeona kwenye kitabu cha wageni kwamba bibi mwenyewe yupo. Bibi, karibu. Tuambie, hadithi hii ni ya kweli?"

Vichwa vyote viligeuka. Lydia alitoa mkono gotini, kwa sababu haukuwa na kazi tena.

Bibi Avelina alisimama taratibu, na muda wote akinyanyuka alikuwa anapiga hesabu. Akisema ni ya kweli, mzee wa kiume mwenye mkuki atabaki mzee wa kiume mwenye mkuki mpaka mwisho wa dunia. Akisema ni uongo, mtoto anarudi mtaani. Alimwangalia Lydia, akaona amefumba macho.

"Mjukuu wangu hakuwadanganya," alisema. "Hadithi hii imetoka kwenye kinywa changu. Akitokea mwingine anayeijua, ameipata kwangu." Lydia alifumbua jicho moja. "Lakini si ya kale. Ina miaka sita. Na mimi sikuwa na mkuki, nilikuwa na jembe. Na kuwa mwanamume sijawahi, hata siku moja."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mwalimu wa chuo kikuu alivua miwani na kuifuta. Urbano hakucheka. Alikuwa anamwangalia yule kikongwe kwa mara ya kwanza, na polepole akaanza kuukumbuka uso wake.

Bibi alikuwa ameshakolea. Alilisogelea tuta la karibu, akakunja mkono wa sweta, na kabla Lydia hajasema "Bibi, hairuhusiwi," mkono ulikuwa umezama kwenye udongo mpaka kiwiko. Aliupekua ndani, akautoa.

"Hamna kitu," aliwaambia watu. "Udongo mtupu. Ntumba inawekwa majani ndani, yaoze, yawe mbolea. Hakuna aliyezikwa humo. Nilimdanganya kijana huyu kwa sababu alinikasirisha."

"Kwa sababu hakukusalimia tu, Bibi?" aliuliza Mama Anjela. Aliuliza kwa upole, lakini ukumbi ulicheka tena kidogo.

Bibi alikung'uta udongo mkononi. Nusu ya hadithi alikuwa anaisimulia kila mwaka, kwenye harusi na kwenye pombe, na watu walikuwa wanaanguka kwa kucheka. Nusu ya pili hakuwahi kumwambia mtu.

"Mwaka ule ndio nilimzika mume wangu, Valerian," alisema. "Ntumba tulikuwa tunatengeneza wawili. Yeye anakata majani, mimi nafunika. Miaka arobaini na minne. Msiba ukaisha, watu wakatawanyika, watoto wakarudi kwenye shughuli zao." Hakumwangalia Lydia aliposema hivyo, na Lydia aliinamisha kichwa, kwa sababu Machi ile alikuwa chuo na hakupiga simu. "Nikaenda shamba peke yangu, nikate mwenyewe na kufunika mwenyewe. Siku nne sikuwa nimezungumza na mtu. Nikaona gari limesimama. Nikafurahi, jamani. Nikaweka jembe chini, nikafuta mikono. Nilikuwa nimeshachuchumaa niipokee salamu. Yeye akapita mbele yangu, akaenda kuipiga picha ntumba."

Lydia alikuwa analia waziwazi ndani ya sare yake.

Urbano aliweka kipaza sauti kwenye kiti. Alikuja kati ya matuta, akafika mbele ya Bibi, akachuchumaa. Akapiga makofi matatu ya harakaharaka, yale ya mlangoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

Akaanza kunyanyuka.

"Bado," alisema Bibi. "Ndiyo kwanza tunaanza. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo," alisema Urbano, akirudi chini.

"Watoto?"

"Sijajaliwa, Bibi."

"Utajaliwa. Shamba?"

"Sina shamba."

"Hilo nimeliona. Mama mzazi, hajambo?"

Urbano alifungua mdomo. Neno lilikuwa jepesi, na wote waliokuwamo ndani walilisubiri, lakini halikutoka. Alikuwa amechuchumaa, magoti yanamuuma, na kikongwe yule alikuwa anamtazama moja kwa moja kwa macho mawili yanayoona sawasawa.

"Sijui," alisema.

"Hujui?"

"Hatujaongea tangu Pasaka."

"Pasaka ipi?"

"Ya mwaka juzi."

Bibi Avelina alitikisa kichwa, bila hasira. Hasira ya miaka sita alikuwa anaitafuta na haioni. "Basi nenda kampigie," alisema. "Salamu haikatwi katikati. Sisi tutakusubiri."

Urbano aliwatazama watu, akamtazama Mama Anjela, akasimama, akatoka mlangoni akiichezea simu mkononi. Ukumbi mzima ulikaa ukamsubiri.

Kusubiri bure Bibi hakukuweza. Alifungua mkoba. Alitoa kifundo cha maharage, akatoboa tuta kwa kidole, akadondosha mbegu mbili, akafunika. Akaenda tuta la pili.

"Bibi," alisema Lydia, sauti bado ina machozi, "hairuhusiwi kugusa."

"Sigusi. Napanda."

Mama Anjela alikuja kati ya matuta na kusimama mbele yao. Lydia alijipangusa uso, akajiweka sawa, akasubiri hukumu yake. Mkurugenzi aliliangalia tuta lililotobolewa, akaliangalia paa la vioo lililokuwa linamimina mwanga wa mchana, akayaangalia maharage ya njano.

"Yanaota baada ya siku ngapi?"

"Kwa joto lenu hili? Siku tano. Kwetu ni zaidi ya wiki."

"Maonyesho yanakwisha Agosti," alisema Mama Anjela. "Atakayemwagilia lazima awe mtu anayejua. Lydia, mpaka Agosti utakuwepo?"

Lydia alimwangalia kwanza Bibi. Bibi alikuwa ameinama kwenye tuta la tatu, akijifanya hasikii.

"Nitakuwepo," alisema Lydia.

"Basi kibao nacho tukiandike upya. Bibi, jina lako kamili ni nani?"

"Sijui," alisema Bibi Avelina, akatoboa tuta la nne. "Nimekatazwa kujibu maswali."

Lydia alicheka huku machozi yanamtoka, akaenda kuchuchumaa karibu na bibi yake. Alikinga mkono, akapewa konzi ya mbegu. Nje ya mlango simu iliita, na iliita kwa muda mrefu. Kisha wote ukumbini wakasikia sauti ya Urbano ikisema shikamoo mama, ikanyamaza, halafu ikaanza kuulizia, moja baada ya jingine, nyumbani, shamba, na goti.